Gari la zamani linalokunywa petroli kupita kiasi: kutafuta chanzo hatua kwa hatua kabla ya kugusa skrubu za kabureta

Gari la zamani la petroli likianza kutoa moshi mweusi na kumaliza tangi kabla ya safari kuisha, jambo la kwanza linalofanyika katika gereji nyingi za hapa Dodoma ni bisibisi kuingia kwenye kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini. Skrubu zinazungushwa, injini inasikilizwa, zinazungushwa tena, na mwenye gari anaondoka akiwa na matumaini ya siku mbili. Naandika mwongozo huu kwa sababu nimeona kabureta nzuri zikiharibiwa kwa njia hiyo, na kwa sababu mafuta yanapozidi hewa ndani ya injini, chanzo mara nyingi kiko nje ya zile skrubu. Anayezizungusha kabla ya kuchunguza mengine anafuta ushahidi ambao ungemwonyesha kosa lilipo.

Nitakayoeleza yanahusu hasa Land Rover 109 Series III yenye injini ya petroli ya silinda 4, sentimita za ujazo 2,286, na kabureta ya Zenith 36 IV, kwa kuwa ndilo gari ninaloliendesha na kulifungua mwenyewe. Sehemu kubwa inafaa pia kwa Land Cruiser za injini ya 2F yenye silinda 6, na kwa Suzuki ndogo za kabureta. Magari ya dizeli yana kanuni zake na hayamo humu.

Injini ya petroli inachoma vizuri pale kilo 1 ya petroli inapopata hewa kilo 14.7 hivi. Hewa ikipungua au mafuta yakiongezeka, sehemu ya petroli haiungui. Inageuka masizi na moshi, au inateremka ikiwa bado majimaji kwenye kuta za silinda na kuiosha oili inayozilinda. Hilo la mwisho ndilo linalonitia wasiwasi kuliko gharama ya mafuta, maana ringi na silinda zikikosa oili zinaisha kimyakimya.

Liko jambo moja la mahali petu ambalo ni lazima lieleweke mapema. Mji wa Dodoma uko mita 1,120 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takribani sehemu moja ya kumi. Kabureta haijui uzito wa hewa inayopita. Inatoa petroli kwa kufuata mvuto wa hewa hiyo, hivyo gari lililowekwa sawa pwani likipandishwa huku litakuwa na mafuta yaliyozidi kidogo. Tofauti hiyo inaweza kuonekana kwenye rangi ya plagi na kwenye matumizi, lakini haitoshi kuleta moshi mweusi mzito. Ukiambiwa kuwa gari linatoa moshi kwa sababu ya mwinuko wa Dodoma pekee, endelea kutafuta.

Hatua ya kwanza: thibitisha kwamba tatizo lipo

Land Rover 109 ya petroli yenye afya hutembea kilometa 5 hadi 6 kwa lita moja. Si gari la kubana matumizi, na anayetoka kwenye gari dogo la mjini anaweza kudhani ni bovu ilhali linafanya kazi yake ya kawaida. Jaza tangi hadi shingoni, andika namba iliyo kwenye mita, safiri umbali wa kutosha, kwa mfano kwenda Kibaigwa na kurudi, kisha jaza tena katika kituo kilekile na ikiwezekana pampu ileile. Gawa umbali kwa lita zilizoingia. Tazama pia kama mita yako inasoma maili au kilometa, kwa sababu magari mengi ya umri huu yana mita ya maili, na maili 1 ni kilometa 1.6, aliyesahau jambo hilo atapata jibu la 3.4 na kulilaumu gari ambalo kwa kweli linatoa kilometa 5.5 kwa lita.

Kama mashaka ni juu ya petroli yenyewe, badilisha kituo kwa tangi moja kabla ya kufungua chochote. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa hutoa moshi na kuifanya injini igonge inapopanda mlima. Mafuta ya vituoni huwekewa vinasaba kwa ajili ya kuwakamata wachakachuaji, lakini galoni iliyonunuliwa kando ya njia, katika kijiji kisicho na kituo, haina wa kuithibitisha.

Tenganisha pia rangi za moshi. Mweusi ni petroli isiyoungua. Wa samawati ni oili. Mweupe mzito usiokoma injini ikishapata joto ni maji. Kwa anayetaka uhakika, kitambaa cheupe kishikwe karibu na mdomo wa ekzosi kwa nusu dakika: masizi makavu yatakaa juu yake kama vumbi la mkaa, na oili itaacha doa la mafuta.

Hatua ya pili: moshi unatoka wakati gani?

Swali hili ndilo lenye thamani kubwa kuliko vifaa vyote vya gerejini. Ndani ya kabureta kuna njia zaidi ya moja ya petroli: ipo ya silensa, injini ikinguruma bila kukanyagwa; ipo ya mwendo, inayopitia jeti kubwa, yaani kitundu kilichopimwa cha kupitisha petroli; ipo pampu ndogo inayorusha petroli ya ziada unapokanyaga mafuta ghafla; na katika kabureta nyingi ipo njia ya nguvu inayofunguka injini inapobeba mzigo. Kila njia ina dalili yake.

Injini ikitoa moshi na kutetemeka katika silensa, kisha ikasafika inapokimbia, tazama njia ya silensa, floti (boya linaloinuka na petroli ndani ya kabureta), na mivujo ya ndani ya kabureta. Ikiwa silensa ni nzuri lakini moshi unaanza gari linapopanda, fikiria hewa iliyozuiwa, jeti kubwa iliyotanuka, au njia ya nguvu iliyoganda ikiwa wazi. Ikiwa moshi upo wakati wote, choki (kibati kinachopunguza hewa injini ikiwa baridi) na shinikizo la pampu ya mafuta ndivyo vya kushukiwa kwanza. Na kama gari linasumbua kuwaka likiwa la moto, hasa baada ya kusimama dakika 10 sokoni, huku harufu ya petroli ikijaa chini ya boneti, huenda petroli inaendelea kudondokea ndani ya manifoldi, bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda, baada ya injini kuzimwa.

Mwenye gari akae na swali hili siku mbili tatu, akiandika anachokiona. Fundi mzuri atakushukuru kwa karatasi hiyo.

Hatua ya tatu: zisome plagi kabla ya kuzisafisha

Endesha gari walau kilometa 10 kwa mwendo wa kawaida, simama mahali salama, zima injini bila kuiacha ingurume muda mrefu, iache ipoe kidogo, kisha fungua plagi zote nne. Zipange juu ya ubao au gazeti kwa mpangilio wa silinda, ya kwanza ikiwa ile iliyo upande wa rejeta, na uandike namba. Usizipangusie kwenye suruali. Nimeona mara nyingi plagi ikitolewa na kupigwa brashi ya waya papo hapo, na ushahidi wote ukapotea.

Plagi ya injini iliyo sawa ina rangi ya chai ya maziwa kwenye kauri inayozunguka ncha ya katikati. Mafuta yakizidi, kauri na ukingo wa chuma hufunikwa na masizi makavu, meusi, laini, yanayotoka kwa kidole kama yale ya chini ya sufuria ya kuni. Weusi unaong'aa na kuteleza ni oili, na huo unakuelekeza kwenye ringi au gaidi za valvu (vibomba vinavyoongoza valvu). Plagi iliyolowa na kunuka petroli ni ya silinda isiyowaka kabisa.

Sasa zilinganishe. Kabureta moja inalisha silinda zote nne, kwa hiyo kosa la kabureta, choki au njia ya hewa litazipaka masizi plagi zote kwa kiasi kinachokaribiana. Ukiona tatu zina rangi nzuri na moja ni nyeusi, acha kabureta kabisa. Tafuta waya wa plagi uliopasuka, kifuniko cha distributa (kigawa umeme wa plagi) chenye ufa, valvu isiyofunga au plagi yenyewe kuwa mbovu. Kwa maoni yangu, ulinganisho huu wa dakika 20 ungewaokolea watu wengi fedha ya kununua kabureta mpya.

Hakikisha pia namba ya plagi ni ile iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Plagi ya daraja la baridi kupita kiasi haifikii joto la kujisafisha, nayo itakuwa nyeusi hata mchanganyiko ukiwa sahihi.

Hatua ya nne: fuata njia ya hewa kuanzia mwanzo hadi mwisho

Kuanzia Mei hadi Novemba, Dodoma hainyeshi, na anayeendesha gari katika njia za vumbi za Chamwino, Bahi au Mpwapwa anajua vumbi hilo jekundu linavyoingia hata ndani ya kabati lililofungwa. Land Rover hizi zina kisafisha hewa cha oili: hewa inateremka, inagonga oili iliyo kwenye bakuli la chini, inaacha vumbi humo, kisha inapita kwenye nyuzi za chuma na kuelekea kwenye kabureta. Ni kifaa kizuri mno kwa nchi yetu, kwa sharti kwamba kinahudumiwa.

Fungua bakuli. Ukiingiza kidole na kukutana na tope zito lililotulia chini, hewa inapita kwa shida. Mwaga kila kitu, osha bakuli na nyuzi kwa mafuta ya taa, ziache zikauke, kisha tia oili safi ya aina ileile unayotumia kwenye injini, hadi kwenye alama iliyo ndani ya bakuli na si zaidi. Wapo wanaozidisha kwa nia njema, wakidhani oili nyingi itakamata vumbi jingi. Oili iliyozidi huziba njia na nyingine huvutwa hadi ndani ya injini. Wakati wa kiangazi, kwa gari linalopita barabara za vumbi kila siku, fanya kazi hii kila wiki. Kwa magari yenye kichujio cha karatasi, kitoe na uendeshe gari mita mia chache bila hicho, mahali pasipo na vumbi. Moshi ukipungua waziwazi, umepata jibu, na dawa yake ni kichujio kipya, kwa sababu kile cha zamani kikishapulizwa na kompresa mara nyingi huwa na vitundu usivyoviona.

Usiishie hapo. Kati ya kisafisha hewa na kabureta kuna mpira uliojikunja, na mpira huo ndio uliokuwa unanitesa kwa karibu mwaka mzima. Gari langu lilikuwa zuri mjini. Kila nilipopita Kondoa na kuanza kupanda kuelekea Bereku, lilikuwa linapoteza nguvu na kuacha nyuma wingu jeusi la kutia aibu. Gereji moja ilifungua kabureta mara tatu na kunibadilishia jeti mara mbili. Siku moja nilisimama Kondoa kutafuta maji ya rejeta, na fundi mmoja wa makamo ya baba yangu akaja kutazama bila kuitwa.

"Mwanangu, likiwa limesimama linatoa moshi?"

"Hapana, mzee wangu. Likipanda tu."

Hakugusa kabureta. Aliomba niwashe injini na kukanyaga mafuta taratibu huku yeye amekishika kile kipande cha mpira kwa mkono mzima, kama mtu anayepima homa. Kisha akaniita nikishike mwenyewe. Kwa nje mpira ulikuwa mzima, mweusi, hauna hata ufa. Lakini injini ilipovuta hewa kwa nguvu, niliusikia ukinywea ndani ya kiganja changu. Tulipoufungua na kumulika kwa tochi, tukaona tabaka la ndani limebanduka na kuning'inia kama ulimi. Katika silensa lilikuwa limelala ukutani, na kila hewa ilipohitajika kwa wingi, liliinuka na kuziba zaidi ya nusu ya njia. Kabureta iliyofunguliwa mara tatu haikuwa na kosa lolote isipokuwa yale iliyopewa na waliokuwa wakiitengeneza.

Kwa hiyo fungua mpira, umulike ndani, uubonyeze kwa vidole ukisikiliza kama unapasuka, na uutupe ikiwa umekuwa laini au umevimba kwa mvuke wa oili na petroli.

Hatua ya tano: choki na joto la injini

Toa mpira wa hewa ili uone mdomo wa kabureta, kisha mtu mmoja asukume kitufe cha choki ndani kabisa huku wewe ukitazama kibati cha choki. Kinapaswa kusimama wima kabisa. Kikibaki kimeinama hata kidogo, injini yako inaendeshwa kwa choki siku nzima. Waya wa choki wa zamani hujaa kutu na vumbi, unarudi robo tatu ya safari yake na kukwama. Legeza skrubu inayoubana kwenye kabureta, uache ulegevu wa milimita 1 hadi 2 kitufe kikiwa ndani, kisha kaza. Waya ukiwa mzito, badilisha. Gharama yake ni ndogo kuliko petroli ya wiki moja.

Chunguza themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate joto, wakati uleule. Nchini kwetu imekuwa desturi kuiondoa kwa hofu ya injini kuchemka, na madereva wengi hawajui hata kama gari lao linayo. Bila themostati injini inachelewa sana kupata joto, hasa asubuhi za Juni na Julai, petroli haigeuki mvuke vizuri, na dereva analazimika kuvuta choki kwa kilometa nyingi. Injini inayochemka ina tatizo la rejeta, feni au pampu ya maji, na hilo ndilo la kutibu. Rudisha themostati.

Hatua ya sita: cheche

Cheche dhaifu inaacha petroli bila kuungua na kuleta masizi yaleyale yanayoletwa na mafuta kuzidi, ndiyo maana hatua hii inakuja kabla ya kabureta. Nitaipita haraka kwa kuwa mafundi wetu wanaifahamu vizuri. Pengo la kontakti za distributa liwe milimita 0.35 hadi 0.40, na la plagi 0.75 hadi 0.80. Kontakti zilizochimbika zibadilishwe pamoja na kondensa. Usiku, injini ikiwaka, fungua boneti gizani: waya wa plagi unaovujisha umeme utauona ukitoa cheche za buluu. Pengo la valvu kwenye injini hii ni milimita 0.25. Kama kuna kipimo cha kompresheni, pima silinda zote, ukikumbuka kwamba kwa mwinuko wetu namba zitakuwa chini kidogo ya zile za kitabu. Kinachotakiwa ni silinda zisipishane kwa zaidi ya asilimia 10 hivi.

Hatua ya saba: pampu ya mafuta

Pampu ya asili ya gari hili inaendeshwa na injini yenyewe na inasukuma petroli kwa shinikizo dogo sana, kati ya 1.5 na 2.5 psi (ratili kwa inchi ya mraba). Sindano iliyo ndani ya kabureta, inayofunga njia floti inapoinuka, iliundwa kwa shinikizo hilo. Pampu ya asili ikiharibika, wengi hufunga pampu ya umeme iliyotolewa kwenye gari lolote lililovunjwa. Ile inayotoka kwenye gari la sindano za kupulizia inasukuma zaidi ya 35 psi, na hakuna sindano ya kabureta inayoweza kuizuia. Petroli itafurika na kudondokea kwenye injini. Ukikuta pampu ya umeme, tafuta ni ya aina gani kabla ya kulaumu kitu kingine.

Kama pampu ni ya asili, vuta kijiti cha oili na uunuse. Oili inayonuka petroli, na hasa ile inayopanda juu ya alama badala ya kushuka, inaweza kuwa imechanganywa na petroli kupitia kiwambo cha pampu kilichopasuka, na mvuke wake unarudi kwenye injini kama mafuta ya ziada. Usiendelee kuendesha gari lenye oili ya namna hiyo.

Hatua ya nane: sasa ndipo kabureta ifunguliwe

Tafuta mahali penye hewa, mbali na jiko na mbali na anayechomelea. Gereji zetu nyingi zimebanana, mchomeleaji akiwa hatua tano kutoka kwako. Mwombe asimame au uhame. Weka ndoo ya mchanga karibu. Tandika kitambaa cheupe ili skrubu na vijiti vidogo visipotee.

Fanya jaribio moja kwanza injini ikiwa ya moto na katika silensa. Ingiza taratibu skrubu ya mchanganyiko, ukihesabu mizunguko na kuandika, hadi iguse mwisho bila kuikaza. Injini nzuri itadhoofika na kutaka kuzima. Ikiendelea kunguruma kana kwamba hujafanya kitu, basi petroli inaingia kwa njia nyingine isiyo halali, na hakuna skrubu itakayoizuia. Rudisha skrubu ilipokuwa.

Floti ndiyo ya kwanza kutazamwa. Itoe na uitikise sikioni. Ukisikia petroli ikicheza ndani, imetoboka. Izamishe kwenye maji ya moto, na vipovu vitakuonyesha tundu. Floti iliyoingiwa na petroli inakuwa nzito, haielei, na sindano haifungi. Itazame sindano kwa mwanga mkali: ikiwa na mfuo unaozunguka kwenye ncha, badilisha pamoja na siti yake, na urudishe washa yenye unene uleule, kwa sababu unene wa washa hiyo ndio unaoamua kiwango cha petroli ndani ya bakuli. Kabureta za Toyota zina kioo kidogo pembeni kinachokuonyesha kiwango hicho bila kufungua chochote. Petroli inapaswa kuonekana katikati ya kioo gari likiwa mahali tambarare.

Kisha jambo ambalo wamiliki wa Zenith 36 IV wanapaswa kulijua kuliko yote. Sehemu inayobeba jeti imefungwa uso kwa uso na kifuniko, na kati yao kuna oringi ndogo. Kwa miaka mingi ya joto na ya skrubu kukazwa kupita kiasi, chuma hicho laini hupinda, na oringi hukauka ikawa ngumu kama plastiki. Hapo petroli hupenya pembeni na kuvutwa bila kupitia kwenye jeti. Dalili yake ni ile ya silensa yenye moshi ambayo skrubu haiigusi.

Chukua kipande cha kioo kinene cha dirisha na ukilaze mezani. Weka uso wa kipande hicho juu ya kioo na ubonyeze pembe moja baada ya nyingine. Kikitikisika, au geji ya milimita 0.05 ikipita chini yake, kimepinda. Toa jeti zote, gundisha msasa laini wa namba 400 juu ya kioo, uloweshe kwa mafuta ya taa, na usugue kwa mizunguko mipana ya namba 8, bila kulemea upande mmoja. Baada ya mizunguko michache geuza na utazame: palipoguswa patang'aa, palipo na bonde patabaki na rangi ya zamani ya kijivu. Endelea hadi uso wote ung'ae kwa usawa, kisha acha mara moja. Osha, puliza kila tundu, weka oringi mpya na gasketi mpya, na ukaze skrubu kwa zamu, za pembe zinazokabiliana, kwa nguvu ya vidole na bisibisi fupi. Kazi hii ni ya saa moja na inahitaji subira, na ndiyo iliyorudisha uhai wa kabureta nyingi zilizokwisha kutupwa kwenye boksi la vyuma chakavu.

Jeti zisafishwe kwa hewa tu. Waya wa brashi au sindano ya kushonea hutanua tundu ambalo limetobolewa kwa kipimo cha sehemu ya mia ya milimita, na jeti iliyotanuka haionekani kwa macho. Linganisha namba zilizochongwa juu yake na zile za kitabu. Kama zimefutika au tundu lina mikwaruzo, nunua nyingine. Kwenye kabureta za Toyota hakikisha pistoni ndogo ya nguvu inashuka na kupanda bila kukwama, kwani ikiganda chini, valvu ya nguvu hubaki wazi wakati wote.

Sishauri kupunguza jeti kubwa kwa sababu ya mwinuko, isipokuwa kwa gari lisilotoka kanda ya kati. Gari lililopunguzwa jeti huku, likishuka Morogoro na kufika pwani likiwa na mzigo, litapungukiwa mafuta, na hapo valvu ndizo zitakazoungua.

Hatua ya tisa: kuweka sawa na kupima upya

Pasha injini hadi joto la kawaida, choki ikiwa imerudi. Anza na skrubu ya mchanganyiko kwenye namba ya mizunguko uliyoandika. Kwenye Zenith, skrubu hii iko upande wa manifoldi, na kuiingiza kunapunguza mafuta. Katika kabureta ambazo skrubu inadhibiti hewa, mambo ni kinyume, hivyo jua yako ni ipi. Izungushe robo kwa robo hadi injini inapokimbia vizuri kuliko popote, kisha punguza mwendo kwa skrubu ya silensa, na urudie mara moja zaidi. Usifanye kazi hii ndani ya banda lililofungwa, kwani moshi wa petroli iliyozidi umejaa kaboni monoksidi, nayo haina harufu ya kukuonya.

Mwaga oili iliyochanganyika na petroli na uweke mpya pamoja na kichujio chake. Funga plagi safi, pita barabara ileile uliyopita mwanzo, jaza kwenye kituo kilekile, na ufungue plagi baada ya kilometa 100. Ziandike rangi zake kando ya zile za kwanza, silinda kwa silinda, katika daftari litakalokaa ndani ya gari, pamoja na namba za jeti na mizunguko ya skrubu, ili fundi atakayelifungua mara nyingine awe na pa kuanzia.